Povu la Nyegere

Tarehe 4 Machi

Kijembe, mdogo wangu,

Kabla hujaanza kunirushia maneno kwamba nimewasahau, fungua kwanza kifurushi alichokuletea dereva wa lori. Kifungue taratibu, mbele ya Baba. Kama macho yake bado yana ukungu, mpe aipapase mwenyewe.

Ndiyo, ni yenyewe. Brashi ya kunyolea ya manyoya ya nyegere. Simsemi huyu wa kwetu, mwizi wa asali. Namsema jamaa yake wa nchi za baridi, mwenye manyoya ya rangi tatu: ncha nyeupe, katikati nyeusi, shina la kijivujivu. Tangu tukiwa watoto tunamsikia Baba akisimulia brashi ya bwana aliyemfundisha kazi, jinsi povu lake lilivyosimama lenyewe bakulini. Na maisha yake yote amenyoa watu kwa brashi za dukani zinazonyonyoka kama kuku mgonjwa. Siku naondoka nilimwambia nitampatia ya nyegere. Imepita miaka kumi na moja, lakini nimeipata.

Mimi huku sijambo. Kiti changu bado ni kile cha dirishani, na wateja ni wale wale wa tai na viatu vya kung'aa. Wengine hawataki kuguswa na mkono mwingine ila wangu.

Sasa sikiliza, maana nakujua na pupa yako. Brashi hii haitaki fujo. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu, kisha ikung'ute mara mbili tu, ibaki na unyevu. Izungushe juu ya sabuni mpaka ncha zishike utelezi. Ndipo uingie bakulini, na maji uongeze tone kwa tone. Usiikandamize. Povu likiwa tayari, pindua bakuli. Likianguka, bado hujapata.

Na usisahau sheria ya Baba: brashi mpya haigusi mteja kabla haijamaliza siku saba nyumbani. Mteja si mtu wa kujaribia. Basi mkalishe Baba kitini umnyoe yeye kila asubuhi. Ni haki yake kuwa wa kwanza.

Kaka yako


Tarehe 12 Machi

Kaka, Bwana Mjini,

Sisi wazima, hofu kwako na kwa huyo nyegere uliyemvua koti.

Baba amecheka mpaka akashika mbavu. Aliuliza ni nani huyo mwenye roho ngumu aliyemkalisha nyegere kitini akamnyoa, na nyegere akatulia. Fundi Saa wa duka la jirani naye alikuja kuitazama, akaishika kwa leso kama yai. Kwa hiyo usiseme hatukuipokea kwa heshima.

Lakini nikueleze ukweli, maana sijui kuzunguka. Povu halitoki. Au linatoka lile la kufulia nguo, mapovu makubwa yanayopasuka kabla sijafika shavu la pili. Nimeloweka, nimekung'uta, nimezungusha mpaka bega likauma. Nikapindua bakuli kama ulivyosema, likanimwagikia lote miguuni. Maji ya kwanza yalitoka ya kijivu. Na inanuka, Kaka. Inanuka ngozi mbichi, hasa ikilowa.

Mama, Mungu amrehemu, asingekubali kitu chenye harufu hii kiguse uso wa mtu kabla hakijachemka nusu saa. Unakumbuka alivyokuwa akichemsha hata vitana vyetu, mpaka vikapinda. Sufuria yake bado ninayo. Nataka kuichemsha brashi, ila kwa kuwa ni kitu cha thamani nimeona nikuulize kwanza.

Kitu kingine. Siku ile baada ya kicheko, Baba aliipitisha brashi kavu kwenye shavu lake, mara moja, mara ya pili. Kisha akapapasa shingo ya mpini, pale ulipozungushwa ule uzi wa nta. Akakaa nayo muda mrefu mikononi. Nikamuuliza, "Vipi Baba, ndiyo ile ya bwana wako?" Akasema, "Kazi nzuri hii. Aliyeifunga ana mkono." Akainuka akaenda kumwagilia mchicha wake.

Siku tatu sasa namnyoa nayo. Mkono wangu unanitia aibu. Wateja wameanza kunizoea, hakuna tena anayegeuka mlangoni akiona mwanamke ndiye mwenye wembe, halafu povu tu linanishinda.

Mdogo wako, Kijembe


Tarehe 18 Machi

Kijembe,

Usiichemshe.

Nimeuacha mstari huo peke yake ili usije ukasema hukuuona. Manyoya ya nyegere si vitana vya Mama. Maji yanayochemka yanayakausha, yanayasokota, rangi yake inakwenda, na gundi ya shinani inalegea. Ukiichemsha utabaki umeshika mpini na mkia wa panya. Mtu yeyote wa kazi hii atakuambia hivyo. Maji ya uvuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga, basi.

Harufu ni ya mnyama. Ulitaka anukie marashi? Itaisha. Na ile rangi ya kijivu majini ni mafuta yake ya asili, yatatoka yenyewe baada ya wiki mbili.

Kuhusu povu, usimsingizie nyegere. Brashi haina kosa, kosa liko kwenye kifundo cha mkono wako. Wewe unasaga kama unasaga nafaka. Povu halisagwi, linabembelezwa. Anza na sabuni nyingi na maji kidogo, mpaka lifanane na uji mzito usiotaka kutoka kwenye mwiko. Kisha chovya ncha tu za brashi majini, uzungushe. Chovya tena, uzungushe. Ukiona limeanza kung'aa kama maziwa mgando, acha maji. Usoni lipake kwa kwenda na kurudi, kama mtu anayepaka rangi ukuta, si kwa kuchokonoa. Ukimaliza, isuuze na uitundike ncha chini.

Jaribu hivyo siku saba nyingine kabla hujanilalamikia. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nalala na bakuli mkononi.

Samahani kwa doa hilo jeusi pembeni mwa karatasi. Ni rangi ya viatu.

Msalimie Baba. Mwambie nimefurahi kwamba ameipenda.

Kaka yako


Tarehe 26 Machi

Kaka,

Umenisema, nimesemeka. Lakini sikiliza yaliyotokea hapa, maana ni wewe uliyeyasababisha.

Barua yako nilimsomea Baba barazani. Nilipofika pale pa kuchemsha akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Basi umemsikia kaka yako. Isichemshwe." Nikamwambia Baba, Mama angekuwepo sufuria ingekuwa motoni saa hizi, na harufu hii mimi siipendi. Akanyanyua sauti. Baba, Kaka, ambaye hata siku ile uliyomkata sikio yule mwenye kiwanda cha mikate hakunyanyua sauti. Akasema, "Brashi ni yangu. Nimesema isichemshwe, isiguswe na maji ya moto, na sufuria ya mama yako iache ilipo." Nilijisikia kulia, nikaenda kufagia.

Baadaye akaniita kwa upole, akachukua bakuli mwenyewe. Ungemwona. Macho hayaoni vizuri lakini vidole vinaona. Aliweka sabuni mara mbili ya uliyosema, maji robo, akawa anaitikisa brashi badala ya kuizungusha, mtikisiko mdogo mdogo wa kifundo. Povu likaja. Si la kusimama lenyewe, lakini lilikuwa povu la haki, japo na ukijivu wake. Akasema, "Hii ina tabia yake. Ukiitaka iwe nyingine itakukatalia." Nikamnyoa, na kwa mara ya kwanza wembe ulipita bila kukwaruza.

Siku saba zimekwisha zamani. Nilitaka kuipeleka dukani wateja waione, akakataa. Anasema haijatulia. Ameitundika msumarini juu ya kitanda chake, na kila asubuhi anaishusha mwenyewe kabla sijamwambia. Nadhani anaionea wivu. Basi mimi na wateja wangu tunaendelea na ile ya zamani inayonyonyoka.

Hakuna mengine. Mtoto wa jicho haongezeki wala hapungui. Baba ana kipele chini ya taya, upande wa kushoto, kimeanza juzi. Anasema ni wembe wangu. Kinamwasha ila hakimuumi. Nimempaka shabu, kama kawaida.

Wako asiye na kifundo, Kijembe


Tarehe 30 Machi

Kijembe,

Naandika kwa haraka. Kipele cha Baba kina rangi gani? Kimevimba? Nijibu kwa posta ya kwanza.

Acheni kuitumia brashi. Nimesikia kwamba brashi za shehena ilikotoka hiyo ya Baba zilikuwa na kasoro ya gundi, zinafunguka shinani na kumwaga manyoya. Si kitu kikubwa, ila kitamuudhi Baba. Ifunge kwenye gazeti, uiweke juu ya kabati. Nitamtumia nyingine nzuri zaidi.

Nisamehe kwa ufupi. Mzee mmoja wa hapa kazini anaumwa, nimekuwa nikienda kumwona hospitali kila siku. Ana jeraha mkononi. Si kitu.

Nijibu kuhusu rangi.

Kaka


Tarehe 4 Aprili

Kaka,

Barua yako ilifika jana. Tumeitazama gundi, mimi na Fundi Saa na kioo chake cha jichoni. Imeshika kama meno ya ujana. Baba nilipomwambia umesema ina kasoro alitabasamu. Akasema, "Mwambie asiogope. Imefungwa vizuri, haifunguki." Nikamwambia lakini Kaka anataka tuiweke juu ya kabati. Akasema juu ya kabati huwekwa vitu vya wafu. Asubuhi ameishusha tena msumarini, akajipaka povu mwenyewe upande mmoja, kwa sababu upande wa pili haupakiki.

Umeuliza rangi. Katikati ni cheusi. Si cheusi cha damu iliyoganda, ni cheusi cha mkaa, kikubwa kama kifungo cha shati, kimedidimia. Pembeni kuna malengelenge madogo madogo kama yamepangwa. Shingo imevimba mpaka kola haifungi, na leo asubuhi uvimbe umeteremka kuelekea kifuani. Na bado kipele hakimuumi. Hilo ndilo linalonitisha. Nakibonyeza kwa kidole na yeye anaendelea kunisimulia habari za mchicha.

Nilimleta mganga wa zahanati. Akasema jipu, akatoa dawa ya kupaka, akasema litaiva. Haliivi. Jana homa ilipanda. Nilitaka kumpeleka hospitali ya wilaya, Baba akasema hawezi kukaa garini kwa muda wa saa tano kwa ajili ya kipele kisichouma, watu watamcheka. Nami nikakubali. Kisichouma, tunakiogopea nini?

Kaka, mimi si mjinga. Gundi na rangi ya kipele vinahusiana vipi? Nimeisoma barua yako mara nne. Mtu hafungi swali kama lile na habari za gundi katika karatasi moja. Kama kuna unachokijua kiseme. Nitachukia baadaye, sasa hivi nataka kujua tu.

Jana mchana Baba alikaa dirishani akaandika kitu, rula juu ya karatasi ili mistari isipande. Nilitaka kumsaidia akaifunika kwa kiganja kama mtoto wa shule. Anasema ni yako na ataituma kwa mkono wa dereva, si posta.

Kijembe


SIMU YA MAANDISHI, tarehe 8 Aprili

PELEKA BABA HOSPITALI LEO SEMA KIMETA SEMA BRASHI NI YA FARASI USIISHIKE BARUA INAKUJA KAKA


Tarehe 8 Aprili

Mdogo wangu,

Nimetoka kupiga simu, na mpokeaji wa dirishani amenitazama kama mwendawazimu. Barua yako nimeipata asubuhi hii. Naandika nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya posta, kwa sababu nikienda kukaa nitaanza kutafuta maneno mazuri, na ni maneno mazuri yaliyotufikisha hapa.

Sina kiti cha dirishani. Nilikuwa nacho, lakini miaka miwili iliyopita mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka. Ulianza kidogo, ukazidi. Nikamkata mteja mdomo, kisha mwingine shingo, akashonwa. Mwenye duka hakunifokea. Alinivua aproni mwenyewe, kwa upole, mbele ya watu. Tangu hapo nafanya kazi katika karakana ya brashi. Mkono unaotetemeka unaweza kufunga uzi ukiuegemeza mezani. Nafunga brashi tangu asubuhi mpaka jioni.

Hazina nyegere hata mmoja. Ni singa za farasi, nywele za shingoni na mkiani. Zinakuja kwenye magunia kutoka sehemu sijui zipi, kwenye machinjio, na nyingine kwa wale wanaochuna mizoga njiani. Tunazipausha, kisha tunazipaka rangi kwa mpigo mmoja katikati, ncha zinabaki nyeupe, na zinauzwa kwa jina la nyegere. Lile doa kwenye barua halikuwa rangi ya viatu.

Singa hizo sheria yake ni kuchemshwa. Saa nzima na zaidi, kabla mtu hajazigusa. Nilipoanza kazi palikuwa na pipa na jiko la kuchemshia. Mwaka jana mwenye karakana aliliondoa, kwa sababu singa zikichemka zinajikunja na hazishiki rangi sawasawa. Hakuna aliyesema kitu. Nami sikusema.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuandikia usichemshe. Sikuwa nakudanganya kuhusu nyegere. Wa kweli hachemshwi, ni hivyo kabisa. Lakini ungeichemsha hii rangi ingetoka yote sufuriani, ungemwambia Baba, na Baba angejua. Niliona heri mkono wako unuke wiki mbili.

Mchambuaji wetu wa singa, mzee mpole, alitokwa na kipele mkononi. Hakikumuuma. Niliposoma cha Baba, nilishtuka, lakini daktari alikuwa bado hajatuambia jina la ugonjwa. Ndiyo maana nikaandika habari ya gundi. Nilifikiri nitaiondoa brashi bila kujivua nguo. Jana daktari ametaja jina: kimeta, ule ugonjwa wa mifugo. Amesema unakaa kwenye singa miaka, hauonekani, na kinachouua ni moto na maji yanayochemka. Yule mzee amefariki jana alasiri.

Nikitoka hapa nakwenda kwa bwana afya. Nina brashi tano ndani ya mfuko wa turubai, na nitamwonyesha mahali pipa lilipokuwa. Wanifunge wakitaka.

Mwambie daktari sindano, aanze leo. Wewe pia uchomwe. Osha mikono. Usimwambie Baba chochote bado. Acha nimwambie mwenyewe, nakuomba. Nitakuja mara watakaponiachia.

Kaka


Tarehe 17 Aprili

Kaka,

Simu yako ilifika tarehe nane saa tisa alasiri. Saa kumi tulikuwa ndani ya gari la Fundi Saa. Nilisema kimeta, nilisema farasi, nilisema yote kama ulivyoandika, na daktari wa wilaya hakupoteza hata dakika moja. Alimchoma Baba sindano pale pale kwenye benchi. Kisha akaniuliza kipele kina siku ngapi. Nilipomjibu akavua miwani, akasema, "Mngekuja wiki iliyopita."

Wiki iliyopita, Kaka, nilikuwa nimeshika barua ya gundi.

Baba alifariki tarehe kumi na moja, asubuhi, shingo ikiwa imemkaba. Tulimzika siku iliyofuata. Nilikutumia simu ya maandishi, posta ya huko ikajibu kwamba karakana imefungwa kwa kufuli la serikali na wewe uko kwa polisi unatoa maelezo. Kwa hiyo najua kwamba hukukaa huko kwa kutaka. Nimelitia hilo kwenye mizani, upande wako, maana upande ule mwingine ni mzito mno.

Nimekukasirikia, na nitakukasirikia kwa muda mrefu. Nakuambia ili usije ukasikia kwa watu. Hasira si kwa ajili ya mkono. Mkono ungetetemeka hapa nyumbani, nani angekucheka? Ni kwa ule mstari ulioandika peke yake ili niuone. Niliuona. Sufuria ilikuwa na maji tayari.

Daktari alisema brashi ichemshwe kwanza, halafu ichomwe, pamoja na taulo na mto wake. Nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikaitia katika sufuria ya Mama saa nzima. Maji yalitoka meusi kabisa, na singa zikabaki nyeupe, zimejikunja. Lile fundo lako la shingoni halikulegea hata kidogo. Katika yote uliyoandika kuhusu kuchemsha ulisema kweli, isipokuwa hilo moja.

Nilimnyoa Baba kwa mara ya mwisho na brashi ya zamani. Daktari hakutaka, nikamsihi, akanipa glavu na akasimama pale pale. Shavu la kulia tu, la kushoto nililiacha. Povu lilitoka zuri. Kifundo changu kimeshajifunza, na sina wa kumwonyesha.

Ile barua ya Baba niliikuta kwenye droo ya mkanda wa kunolea, imefungwa, inamngoja dereva. Imeandikwa: Kwa mwanangu, mkononi mwake. Nilikaa nayo siku tatu. Kisha nikaifungua, maana katika nyumba hii siri zimetutosha. Sasa naiweka humu. Kuja au kutokuja utaamua ukishaisoma. Mimi bado sijafika huko.

Nachomwa sindano kila siku. Mikono yangu ni mizima.

Kijembe


Tarehe 3 Aprili

Mwanangu,

Usicheke mwandiko. Naandika kwa rula, na rula nayo haioni.

Nimeletewa barua yako ya gundi. Usiwe na wasiwasi. Gundi ni nzima na uzi ni mzima. Nimeipapasa shingo ya brashi hii kila asubuhi, na mwisho wa uzi umerudi chini yake mara mbili, ukavutwa kwa meno. Hivyo ndivyo nilivyokufundisha kufunga mkanda wa kunolea ulipokatika, ukiwa na miaka tisa. Hakuna duka wanakofunga hivyo. Kwa hiyo siku ile ile ya kwanza nilijua brashi hii hukuinunua. Umeifunga mwenyewe.

Na nyegere nilimjua, mwanangu. Ya bwana wangu niliishika miaka sita. Ncha za nyegere zinaisha zenyewe, nyembamba, shavu halizisikii. Hizi zimekatwa kwa mkasi. Huyu ni farasi, na ni farasi mwenye singa nzuri. Povu lake linataka sabuni nyingi na subira, basi. Nimelipata.

Nikajiuliza, mwanangu anafunga brashi kwa nini, naye ana kiti cha dirishani? Nikakumbuka barua zako za mwaka jana, mistari yake inavyoyumba. Baba yangu naye mtetemeko ulimshika mkono wa kulia alipofika umri wako. Hukumkuta, wala sikukusimulia. Ningekusimulia usingeona haya.

Njoo nyumbani. Kijembe ana wembe mzuri kuliko wewe na mimi, usimwambie nimesema. Ila povu linamshinda, mkono wake umenyooka mno. Povu linataka mkono unaotikisika. Nimejaribu kumwonyesha, inabidi mimi nijitikise kwa makusudi, wewe umepewa bure. Wewe utapaka, yeye atanyoa. Kiti kipo kimoja lakini watu wawili wanaenea.

Dada yako alitaka kuichemsha, ana mambo ya mama yake. Rangi ingetoka yote akajua. Nimemkataza, hata nikamfokea, Mungu anisamehe. Haitachemshwa. Nimeitundika juu ya kitanda changu mpaka utakapokuja, na siri yako iko salama kwangu.

Baba yako